BMD: kipengele kisichotumika hulipiwa na abiria

Leo naweka kando tarakilishi na simu za mkononi, nizungumzie gari. Nalo ni gari la kivita la Kirusi liitwalo BMD, herufi zinazosimamia maneno ya Kirusi yenye maana ya gari la kivita la askari wa miavuli. Huko mtandaoni mashabiki wa zana za kijeshi hulisifu mpaka povu likawatoka. Ukiwauliza sababu, wanakutolea jedwali: linadondoshwa kutoka ndegeni, linaogelea, linabeba askari, lina mzinga, lina kombora la kuulia vifaru. Kila kisanduku kina alama ya ndiyo.

Mimi kazi yangu ni kuandika programu. Nikiona jedwali ambalo kila kisanduku kina ndiyo, huwa nina swali moja tu: hizo ndiyo zote analipa nani?

Msimamo wangu nausema mapema ili usihangaike kuutafuta. BMD ni kazi safi ya uhandisi iliyojengwa juu ya sharti ambalo vita havikulihitaji, na gharama ya sharti hilo imelipwa kila siku na vijana waliopanda gari hilo. Wahandisi siwalaumu. Nawalaumu wakubwa walioandika orodha ya mahitaji, kisha wakakataa kufuta mstari mmoja hata baada ya vita kadhaa kuwaonyesha kwamba mstari ule umekufa.

Gari lenyewe

Tuanze na haki yake, maana sitaki mtu aseme nimelionea. BMD-1 iliingia jeshini mwaka 1969, ikitengenezwa katika kiwanda cha matrekta cha Volgograd. Dunia iliiona hadharani kwenye gwaride la Moscow mwezi Novemba 1973. Uzito wake ni kama tani 7 na nusu. Ili upate picha, kifaru cha T-62 cha zama zile kilikuwa na tani 37 hivi.

Katika hizo tani 7 na nusu, wahandisi walipachika mzinga wa milimita 73, reli ya kurushia kombora la Malyutka, bunduki tatu za rashasha, injini ya dizeli ya nguvu za farasi 240, na nafasi ya watu 7. Barabarani gari hukimbia zaidi ya kilomita 60 kwa saa. Majini husukumwa na maji yanayorushwa kwa nguvu kutoka nyuma, likaenda kilomita 10 kwa saa. Na kuna ufundi ninaoupenda zaidi: dereva anaweza kulilaza gari mpaka tumbo lake libaki sentimita 10 tu kutoka ardhini, kisha akaliinua mpaka sentimita 45. Huo ni ufundi kwelikweli.

Lakini uzito hauna siri. Kilo haitoweki kwa sababu jenerali amependa. Kama umebana mzinga, kombora, injini, mafuta na watu ndani ya tani 7 na nusu, kuna kitu umekinyima. Kilichonyimwa ni deraya. Mwili wa BMD-1 ni aloi ya alumini. Huzuia risasi za bunduki ya kawaida na vipande vya mabomu. Roketi ya RPG-7, silaha ambayo leo iko mikononi mwa karibu kila kundi la waasi duniani, hupita pale bila kubisha hodi. Bomu la kutegwa ardhini likilipuka chini ya tumbo, abiria hana kinga ya maana. Na kwa kuwa ndani hakuna nafasi, watu, risasi na mafuta wamekaa wamegusana mabega.

Kuogelea nako kuna bei yake. Fizikia ya kidato cha pili inatosha hapa. Gari la tani 7 na nusu likitaka kuelea, lazima lisukume pembeni mita za ujazo 7 na nusu za maji. Ukiongeza tani 2 za chuma kuwakinga watu, ama uongeze ukubwa wa mwili, na hapo halitatoshea vizuri ndegeni, ama lizame. Kwa hiyo sharti la ndege na sharti la maji yameshikana mikono, na yote mawili yanavuta upande mmoja, upande wa kumvua askari deraya yake.

Ombi lilikuwa na akili, wakati wake

Sisemi walioomba gari hili walikuwa wajinga. Miaka ya 1960, Umoja wa Sovieti ulijiandaa kwa vita ya nyuklia Ulaya. Askari wa miavuli wangeangushwa nyuma ya mistari ya adui, wateke madaraja, viwanja vya ndege na ghala za silaha za nyuklia, kisha wasubiri vifaru viwafikie. Jenerali Vasily Margelov, aliyeongoza jeshi la miavuli kwa miaka mingi hadi 1979, aliona tatizo la kweli. Askari wa miavuli akishagusa ardhi ni mtu wa miguu tu, amebeba mzigo mgongoni, na adui yake ana magari. Alitaka vijana wake wawe na mwendo, wawe na mzinga, na wafunikwe wasivute hewa yenye sumu.

Hilo ombi ningeliweka sahihi hata mimi, kwa mwaka ule na kwa vita ile. Shida ya orodha ya mahitaji ni kwamba huandikwa kwa ajili ya dunia fulani, halafu dunia inabadilika na orodha inabaki ukutani.

Onyesho la mwaka 1973

Kudondosha gari kwa miavuli kulizaa tatizo jipya. Gari lilianguka huku, watu wakaanguka kule, na kabla ya kupigana ilibidi kwanza watafutane. Wakajaribu vifaa vya redio vya kuwaelekeza askari kwenye gari lao. Bado muda ulipotea.

Suluhisho la Margelov lilikuwa la kutisha: watu wakae ndani ya gari linapoanguka. Tarehe 5 Januari 1973, karibu na mji wa Tula, BMD-1 ilitolewa kwenye ndege ya An-12 ikiwa na watu wawili ndani, Leonid Zuyev na Alexander Margelov. Ndiyo, huyo wa pili alikuwa mtoto wa jenerali mwenyewe. Walikalia viti vilivyofanana na vya wanaanga. Mfumo ule uliitwa Kentavr. Wakatua salama. Januari 1976, Alexander Margelov akarudia tena akiwa na Leonid Shcherbakov, safari hii kwa mfumo wa Reaktavr ambao hutumia mwavuli mmoja na roketi za kupunguza kasi karibu na ardhi. Mwaka 1996, Margelov mdogo na Shcherbakov walipewa nishani ya Shujaa wa Shirikisho la Urusi.

Ushujaa wao siubishi hata kidogo. Na jenerali aliyemweka mwanawe ndani ya jaribio lake mwenyewe anastahili heshima, kuliko wakubwa wengi ninaowajua. Lakini tazama mnyororo ulivyokwenda. Kipengele cha kwanza, cha kudondosha gari, kilileta kasoro. Kasoro ikatatuliwa kwa kipengele cha pili, cha kudondosha watu ndani ya gari. Kipengele cha pili kikadai viti maalumu na roketi. Hakuna aliyerudi nyuma kuuliza kama kipengele cha kwanza kinahitajika. Watayarishaji programu wenzangu mnaujua huu wimbo.

Tena kuna tofauti kubwa kati ya onyesho na kazi. Kwenye onyesho, ndege huruka katika anga tulivu juu ya uwanja uliochaguliwa na hakuna mtu anayeirushia kombora. Onyesho huthibitisha kwamba jambo linawezekana, halithibitishi kwamba litahitajika.

Sasa twende kazini

Hebu tuitazame BMD katika vita halisi, moja baada ya nyingine.

Ogaden, 1978. Naanza na mfano unaonipinga, tena uko hapa kwa majirani zetu. Mwanzoni mwa Machi mwaka ule, Waethiopia na Wakuba walipokuwa wakiurudisha mji wa Jijiga kutoka kwa jeshi la Somalia, helikopta kubwa za Mi-6 zilibeba BMD-1 na mizinga midogo ya kujiendesha ya ASU-57 kuvuka milima, zikaiweka nyuma ya walinzi wa njia ya mlimani. Pale wepesi ulifanya kazi yake, nakubali bila kinyongo. Lakini angalia namna ulivyofanya kazi. Hapakuwa na miavuli, hapakuwa na viti vya wanaanga, wala hapakuwa na kuogelea. Helikopta iliweka gari chini, likaondoka.

Afghanistan, 1979 hadi 1989. Desemba 1979 askari wa miavuli wa Kisovieti waliingia Kabul na Bagram. BMD zilikuja kwa ndege zilizotua kwenye barabara za kurukia, zikateremka kwa magurudumu yao ya minyororo kama mizigo mingine. Wepesi ulisaidia kubeba nyingi kwa haraka, sawa. Kisha vita ikaendelea miaka 9, na kila siku ya miaka hiyo ilikuwa barabara za milimani, mabomu ya kutegwa na RPG. Mzinga wa milimita 73 ulikuwa na masafa mafupi na usahihi mdogo. Tumbo la alumini halikustahimili mabomu ya ardhini.

Askari wakafanya nini? Wakatoka ndani, wakakaa juu ya paa. Fikiria jambo hilo vizuri. Gari limetengenezwa kumkinga mtu na risasi, na mtu mwenyewe, baada ya kuyaona ya kuona, anaamua kwamba risasi ni afadhali kuliko kuwa ndani bomu likilipuka. Katika kazi yangu hayo huitwa maoni ya mtumiaji. Wale vijana hawakujaza fomu. Walipiga kura kwa makalio yao, na kura hiyo haikuibiwa.

Jeshi lenyewe lilikubali matokeo. Vita ikiendelea, vikosi vya miavuli kule Afghanistan viliondolewa BMD vikapewa BMP-2 na magari ya magurudumu ya BTR. BMP-2 si ngome, lakini ina uzito wa kama tani 14, chuma zaidi, na mzinga wa milimita 30 unaoinuka kuelekea vilele vya milima. Kwa maneno mengine, katikati ya kazi, wenye mali walikiondoa kipengele walichojisifia miaka 10.

Hapo ndipo mahali pa kufuta ule mstari. Hawakufuta. Mwaka 1985 wakatoa BMD-2, yenye mzinga mpya wa milimita 30 na mwili uleule.

Chechnya na Georgia. Grozny, miaka ya 1990, askari wa miavuli walipigana mjini wakiwa na BMD zilizofika kwa ardhi. Mwaka 2008 kule Georgia, nchi ya Kaukasi, vikosi vya miavuli vya Urusi viliingia kwa barabara kupitia handaki la Roki, na vingine vikaletwa upande wa Abkhazia. Gari lililonyimwa deraya ili liruke, likaenda vitani kwa barabara kama lori.

Hostomel, 2022

Mashabiki watasema hizo zilikuwa vita za aina nyingine, kwamba BMD ilikuwa ikisubiri siku yake. Haya, siku yake ilifika.

Tarehe 24 Februari 2022, Urusi ilitaka kuuteka uwanja wa ndege wa Antonov ulioko Hostomel, nje kidogo ya mji mkuu wa Ukraine. Uwanja wa ndege nyuma ya mistari ya adui, karibu na ikulu yake, askari wa miavuli, mshangao wa asubuhi ya kwanza. Ukimwomba Margelov akuandikie mtihani wa kuipima BMD, angekuandikia huo huo.

Kilichotokea kinajulikana. Askari walifikishwa na helikopta, bila magari yao. Ndege kubwa za Il-76 zilizotarajiwa kuleta nguvu zaidi hazikutua, kwa sababu Waukraine waliupiga uwanja kwa mizinga na kuushambulia tena. Wala hakuna BMD iliyoshuka kwa mwavuli. Ndege nzito ya mizigo, inayokwenda polepole juu ya nchi yenye makombora ya kutungua ndege, ni shabaha ya ajabu. Hakuna kamanda aliyetaka kuijaribu.

BMD zilifika, ndiyo, lakini kwa barabara kutoka Belarus. Tarehe 27 Februari 2022, msafara wa magari ya askari wa miavuli uliingia mtaa wa Vokzalna katika mji wa Bucha, barabara nyembamba yenye nyumba pande zote mbili. Ndani ya msafara kulikuwa na BMD-2 na BMD-4M. Ulipigwa, ukaungua karibu wote. Picha za mtaa ule zilizunguka dunia nzima: mabaki ya alumini yaliyoyeyuka, minyororo imetapakaa barabarani.

Ndugu msomaji, hapa ndipo hoja yangu ilipo. Kudondosha gari kunategemea ndege ifike. Ndege kufika kunategemea anga liwe salama. Hiyo tegemeo ya pili haimo ndani ya gari, na wepesi wowote wa gari hauwezi kuirekebisha. Umejenga programu nzima juu ya huduma ambayo siku ya kazi imezimwa. Na ukishindwa kuruka, unabaki na gari jembamba barabarani, mbele ya watu wenye makombora ya begani.

Na matoleo mapya je?

Hapa ndipo ninapokasirika zaidi. Mtu anaweza kutetea wepesi kama wepesi. Haya, tuone umetunzwa vipi.

BMD-1, kama tani 7 na nusu. BMD-3, iliyokuja mwaka 1990, kama tani 13. BMD-4, mwaka 2004, tani 13 na kitu. BMD-4M, iliyopitishwa rasmi mwaka 2016, inakaribia tani 14 na ina injini ya nguvu za farasi 500. Yaani imefikia karibu uzito wa BMP-2, lile gari lililotolewa kama badala yake kule Afghanistan.

Zile tani 6 za ziada zimekwenda wapi? Sehemu kubwa imekwenda kwenye mwili mpana zaidi na silaha. BMD-4M imebeba mzinga wa milimita 100 na mwingine wa milimita 30 pamoja, na mzinga ule mkubwa unaweza kurusha kombora kupitia mdomo wake. Mwili bado ni alumini, na bado sharti ni lilelile, idondoshwe na iogelee. Kwa hiyo waliweza kuvunja ahadi ya wepesi kwa ajili ya mizinga, ila si kwa ajili ya tumbo la gari. Njia mbili zilimshinda fisi. Huyu alishika nne.

Kuna duka moja ambalo mfumo wake wa mauzo niliuona miaka michache iliyopita. Mwenye duka alikuwa amedai ukubali sarafu kumi, eti siku moja atauza mpaka ng'ambo. Mpaka leo huuza kwa shilingi peke yake. Lakini msichana wa dukani, kila akiuza mkate, lazima kwanza achague sarafu kwenye orodha ndefu. Mwenye duka haoni gharama hiyo, maana yeye hakai kaunta. Pale hasara ni sekunde 5 na foleni inayonung'unika. Kwenye BMD kaunta ni tumbo la gari, na aliyekaa pale ana miaka 19.

Majibu kwa mashabiki

Najua mtakachosema, kwa hiyo nawarahisishia kazi.

Moja: "Wamarekani walidondosha magari Panama." Kweli. Desemba 1989 walidondosha vifaru vyepesi vya M551 Sheridan kwa miavuli, na baadhi viliharibika katika kutua. Vilivyobaki vikasaidia mjini. Lakini Panama haikuwa na ulinzi wa anga wa kutishia ndege zile. Na anga likiwa lako, uwanja wa ndege utaupata muda si mrefu, na ukishaupata unaweza kutua na gari lenye deraya ya heshima. Sheridan huyo huyo, aliyejengwa mwepesi ili aruke na aelee, alipelekwa Vietnam mwaka 1969, mabomu ya ardhini yakaua madereva, ikabidi afungiwe sahani ya ziada ya deraya tumboni. Somo ni lilelile kwa lugha nyingine.

Mbili: "China nao wana gari kama hilo." Wanalo, linaitwa ZBD-03, uzito kama tani 8. Kunakili orodha ya mtu si ushahidi kwamba orodha ni sahihi. Nimeona tovuti nyingi zikinakili makosa ya tovuti nyingine kwa uaminifu mkubwa.

Tatu: "Ukiondoa sharti la uzito utapata jinamizi kama M10 Booker." Hapa mna hoja. Marekani ilitaka gari la kusaidia askari wepesi, uzito ukapanda mpaka kupita tani 38, mwaka 2025 jeshi likausimamisha mradi. Lakini tazama neno la mwisho: likausimamisha. Magari yalikuwa yameshatengenezwa, pesa zimetumika, watu wameshapiga picha, na bado mtu akasema basi. Hiyo ndiyo nidhamu ninayoitafuta.

Nne: "Kuogelea ni muhimu, Ulaya ina mito mingi." Mito ipo. Mei 2022 Warusi walitaka kuvuka mto Siverskyi Donets karibu na Bilohorivka. Walikuwa na BMP, binamu za BMD, zinazoweza kuogelea. Hata hivyo walijenga madaraja ya kuelea, kwa sababu vifaru na malori ya mafuta hayaogelei, na gari linalovuka peke yake bila mafuta wala vifaru ng'ambo ya pili ni zawadi kwa adui. Madaraja yakapigwa, makumi ya magari yakapotea pale ukingoni.

Tano: "Sasa askari wa miavuli waende kwa miguu?" Hapana. Wapewe vitu viwili badala ya kimoja kinachojifanya viwili. Wajerumani walitengeneza Wiesel, kigari cha tani 3 hadi 4 kinachobebwa na helikopta. Hakijidai kubeba kikosi. Kinasogeza silaha kutoka hapa hadi pale, basi. Huo ni uaminifu. Na askari hao wakishapewa kazi ya kupigana barabarani miezi na miaka, wapewe gari lililojengwa kwa barabara. Ndivyo walivyofanya Wasovieti wenyewe Afghanistan walipolazimishwa na makaburi.

Ningefanyaje

Kama ningekuwa na kauli, ningeweka kanuni tatu kwenye kila orodha ya mahitaji, iwe ya gari la kivita au ya mfumo wa hospitali.

Kila sharti liwe na tarehe ya kuisha. Sharti la 1969 lisifike 2016 bila mtu kulitetea upya, mbele ya watu, kwa mifano ya mahali lilipotumika.

Kila sharti liandikiwe bei pembeni, na bei hiyo itajwe kwa jina la anayelipa. "Gari lidondoshwe kwa mwavuli" ni sentensi nzuri. "Gari lidondoshwe kwa mwavuli, na kwa ajili hiyo abiria 7 wakae juu ya alumini nyembamba kila siku ya vita" ni sentensi ya kweli. Nataka kumwona mkubwa atakayeitia sahihi hiyo ya pili.

Na mtumiaji akiacha kutumia kitu jinsi kilivyokusudiwa, hiyo ni ripoti ya kasoro, isomwe. Askari akipanda juu ya paa, mchoraji arudi mezani siku hiyo hiyo.

Kwa BMD kanuni hizi zimechelewa. Kizazi cha Afghanistan kiliripoti, kizazi cha Grozny kikaripoti, na mwaka 2022 wengine wakaripoti kutoka mtaa wa Vokzalna, bila kupata nafasi ya kurudi nyumbani kueleza. Ukubali au usikubali vita walivyotumwa, na mimi vile vya 2022 siviungi mkono hata kidogo, vijana wale hawakuandika orodha ya mahitaji. Walipewa tu gari.

Wenye maoni tofauti karibuni, tubishane kwa adabu kama kawaida yetu. Ila tafadhali, mtu asiniletee jedwali. Aniletee vita moja ambayo BMD ilishuka kwa mwavuli mbele ya adui mwenye kombora la kutungua ndege, ikaokoa siku. Nitaisoma kwa makini na nitaijibu. Wiki ijayo tunarudi kwenye tarakilishi.